Kuunganisha PlayStation au Xbox kwenye Wi-Fi ya nyumbani ukiwa Uganda

Ukinunua PlayStation 4 iliyotumika mjini Kampala, muuzaji atakuwashia, atakuonyesha mpira unachezeka, atakubadilishia padi kama kitufe kimelegea, kisha atakufungia kwenye boksi. Mtandao hakuonyeshi. Unafika nyumbani Nansana au Mukono, unafungua orodha ya Wi-Fi, jina la rauta yako halimo. Au limo, unaandika nenosiri sawasawa, linakataa. Simu ya mama watoto inaingia, televisheni inaingia, mashine peke yake ndiyo imebaki nje, basi lawama zote zinaiangukia.

Mara nyingi mashine haina kosa. Mashine ya michezo inabaki na teknolojia ya mwaka iliotengenezwa, na rauta za siku hizi zinatoka kiwandani zimepangwa kwa ajili ya simu mpya. Kazi yako ni kuipanga rauta hadi mashine iweze kuisikia, halafu kusoma majibu ya mashine mstari kwa mstari, badala ya kubonyeza kitufe cha kujaribu tena mpaka kidole kianze kuuma.

Jua kwanza una mashine ya mwaka gani

Igeuze usome namba iliyo nyuma au chini yake. PlayStation 4 za mwanzo, zile nene zilizotoka kuanzia 2013 na ambazo namba zake zinaanza na CUH-10, CUH-11 au CUH-12, zinasikia masafa ya gigahezi 2.4 tu. Rauta ikiwa inarusha gigahezi 5 peke yake, PS4 hiyo haitaona chochote hata ukiiweka juu ya rauta. PS4 Slim na PS4 Pro, zote za 2016, zinasikia masafa yote mawili. PS3 zenye Wi-Fi zote ni za 2.4. PS5 haina tabu hiyo, inafika mpaka Wi-Fi 6.

Kwa upande wa Xbox, ile 360 nene ya 2005 haina Wi-Fi ndani yake kabisa. Ilikuwa na kifaa chake cha kuchomeka nyuma kinachouzwa peke yake, na leo kukitafuta ni kujisumbua, tumia waya. Xbox 360 nyembamba ya 2010 inayo. Xbox One, Series S, Series X na Nintendo Switch zinasikia masafa yote mawili.

Na kwa kuwa umeshaigeuza, soma pia kibandiko cha umeme. Xbox 360 na Xbox One za mwanzo zinatumia adapta ya nje, na nyingi zilizotoka Marekani zimeandikwa volti 100 hadi 127. Umeme wetu ni volti 240. Ukichomeka hiyo ukutani hutahitaji tena mwongozo wa mtandao.

Ipange rauta kabla ya kushika padi

Chukua simu, iunganishe na Wi-Fi ya nyumbani, fungua kivinjari na uandike anwani ya rauta. Imeandikwa kwenye kibandiko chini ya rauta pamoja na jina la kuingilia na nenosiri lake. Nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, rauta za laini ya simu za Huawei kwa kawaida ni 192.168.8.1. Ukiwa umo ndani, tafuta sehemu ya Wi-Fi na ushughulikie mambo haya, kwa mpangilio huu.

La kwanza ni majina. Rauta nyingi mpya zinatoa jina moja kwa masafa yote mawili na kuchagua zenyewe nani aende wapi. Kwa simu ni jambo jema. Kwa PS4 ya 2013 ni chanzo cha vurugu, kwa sababu rauta hujaribu kuisukuma kwenye gigahezi 5 ambayo haiijui. Zima huo mpango na uyape majina mawili tofauti, kwa mfano NyumbaniA kwa 2.4 na NyumbaniB kwa 5. Mashine ya zamani utaipeleka kwenye A bila kubahatisha.

La pili ni ulinzi. Weka WPA2 na AES. Ukikuta WPA3 imewekwa, PS3 na PS4 hazitaingia hata nenosiri likiwa sahihi, nazo hazitakuambia kwamba sababu ni hiyo. Zitalalamikia nenosiri tu. Kuna mpangilio wa mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 ambao baadhi ya mashine huukubali na nyingine huukataa. Usipoteze jioni nzima kuujaribu, chagua WPA2 pekee. Kwa nyumba ya kawaida inatosha, mradi nenosiri ni refu.

Kuhusu nenosiri lenyewe: litaandikwa kwa padi, herufi moja moja, kwenye kibodi iliyo kwenye skrini. Nenosiri la kibandiko lenye O na 0, I na l na 1 ni mateso. Lipunguzie utata, si urefu. Maneno matatu ya Kiswahili yaliyoshikana na namba mbili mwishoni ni magumu kukisia na ni mepesi kuandika.

Halafu chaneli, yaani kijia ndani ya masafa. Kwenye gigahezi 2.4 chagua 1, 6 au 11. Mashine iliyotengenezewa soko la Marekani inaweza isione chaneli ya 12 na ya 13, na rauta iliyoachwa ijichagulie yenyewe siku moja itahamia huko, kisha utasikia "jana ilikuwa inafanya." Ukikaa kwenye nyumba za mizigo, yaani vyumba vya kupanga vilivyopangana, kila chumba na rauta yake ya laini, pakua programu ya simu ya kuangalia chaneli, uone ipi ina watu wachache kati ya hizo tatu.

Kama mtandao wako ni wa faiba na kampuni imefunga mipangilio ya rauta, piga huduma kwa wateja. Usiwaambie "PlayStation haifanyi kazi", maana watakujibu kwamba mtandao uko sawa, na kwa upande wao ni kweli. Waambie: nitenganishieni jina la 2.4 na la 5, na ulinzi uwe WPA2. Hilo hufanywa kutoka ofisini kwao kwa dakika chache.

Ukimaliza, badilisha pia nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio ya rauta. Watoto wa jirani wanalijua lile la kiwandani.

Rauta ikae wapi

Matofali ya kuchoma hunyonya mawimbi, zege hunyonya zaidi, na milango ya chuma tunayoipenda hapa huyarudisha yalikotoka. Gigahezi 5 ikipita ukuta mmoja wa matofali tayari imechoka, 2.4 inavumilia miwili. Kwa hiyo kama mashine iko sebuleni na rauta iko chumba cha kulala cha mwisho, hata mashine mpya inaweza kufaidi zaidi kwenye 2.4.

Rauta ya laini ina tatizo lake: inataka dirisha ili ipate mnara, na mashine inaitaka iwe karibu na televisheni. Mwachie mnara ashinde. Iweke dirishani, upande wa juu, mbali na vyuma vya dirisha kadiri inavyowezekana, kisha uivutie waya mashine.

Na waya ndio ushauri wangu kwa yeyote ambaye rauta yake iko chumba kimoja na mashine. Karibu kila rauta ya nyumbani ina tundu la waya wa LAN nyuma, ukiacha zile ndogo za mfukoni. Waya wa Cat5e unafika mita 100 bila kupoteza kitu, hauulizi nenosiri wala masafa, na mpira hautagandaganda jirani anapowasha maikrowevu. Wi-Fi ni ya pale waya unapokuwa kero.

Usiifiche mashine nyuma ya televisheni wala ndani ya kabati la chuma. Padi ya PS4 nayo inatumia Bluetooth, ambayo iko kwenye masafa yaleyale ya 2.4; hewa ikijaa, utadhani padi ni mbovu, kumbe amri zako zinachelewa kufika.

Kuunganisha PS4

Washa mashine, panda kwenye safu ya alama za juu, nenda kulia mpaka alama ya kisanduku cha vifaa iliyoandikwa Settings. Ingia Network. Hakikisha Connect to the Internet ina alama ya tiki. Kwa mashine iliyotumika mara nyingi mwenye wa kwanza ameiondoa. Fungua Set Up Internet Connection, chagua Use Wi-Fi, kisha Easy. Orodha ya majina itajaa polepole, ipe muda. Chagua lile la 2.4 ulilolitengeneza.

Kibodi itatokea. Kitufe cha mraba kinafuta, pembetatu inaweka nafasi, L2 inabadilisha herufi kuwa kubwa, R2 inamaliza. Ukiwa na kibodi ya kompyuta ya USB, chomeka mbele ya mashine, itakubalika mara moja na utaepuka hayo yote. Ikikuuliza kuhusu proksi, chagua kutotumia. Mwisho itakupa Test Internet Connection. Bonyeza hiyo, usiruke.

PS5 njia ni ileile kwa mpangilio tofauti kidogo: Settings, Network, Settings tena, kisha Set Up Internet Connection. Xbox One na Series: kitufe cha Xbox, Settings, General, Network settings, Set up wireless network. Switch: System Settings, Internet, Internet Settings, na itatafuta yenyewe. Kwenye PS3 nenda Settings, shuka chini hadi Network Settings, Internet Connection Settings, Easy, Wireless, Scan, na pale inapouliza aina ya ulinzi chagua WPA-PSK/WPA2-PSK.

Soma majibu ya jaribio

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa mapema. Mazungumzo ya simu na mteja, askari wa kambi ya Nsambya, huwa yanakwenda hivi:

"Fundi, hii kitu imekataa."

"Imekataa wapi, afande? Mstari wa kwanza umeandika nini?"

"Imeandika cannot connect."

"Hiyo ni ya chini. Juu yake, palipoandikwa Obtain IP Address, pana nini?"

Kimya kidogo. "Pana Successful."

Basi nenosiri ni zima, masafa ni mazima, ulinzi ni mzima, na yeye alikuwa anaandika nenosiri upya tangu alipotoka zamu.

Jaribio la PS4 linatoa mistari kwa mpangilio, na kila mmoja unategemea wa juu yake. Linaposimama ndipo pa kutengeneza; vya juu yake viko sawa, usiviguse.

Ikishindwa hata kuingia kwenye Wi-Fi, au ikitoa namba NW-31297-2, shida iko kati ya mashine na rauta: nenosiri, WPA3, au umbali. Rudi kwenye sehemu ya rauta hapo juu. Kama jina halionekani kabisa, ni masafa au chaneli, au rauta imefichwa jina.

Ikiingia Wi-Fi lakini Obtain IP Address ikashindwa, rauta imekataa kuipa anwani. Izime rauta, hesabu nusu dakika, iwashe. Ikirudia, angalia kama rauta ina kikomo cha vifaa. Zile ndogo za mfukoni na baadhi ya simu zinakubali vifaa vichache tu kwa wakati mmoja, na simu za wageni wa juzi bado zimo. Penginepo mwenye nyumba ameweka orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa. Atahitaji anwani ya MAC ya mashine yako, yaani namba yake ya utambulisho kwenye mtandao, ambayo utaiona Settings, System, System Information.

Internet Connection ikishindwa, mashine na rauta wanaelewana na tatizo liko nje. Kitu cha kwanza ni bando. Chukua simu, zima data yake ya laini ibaki kwenye Wi-Fi ile, fungua tovuti ambayo hujaifungua leo. Ikigoma, nunua bando au pigia kampuni. Ikifunguka kwenye simu na kugoma kwenye mashine, au ukiona NW-31253-4, ni DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Rudi Set Up Internet Connection, chagua Custom badala ya Easy, acha kila kitu Automatic, ila kwenye DNS Settings weka Manual na uandike 1.1.1.1 ya kwanza na 8.8.8.8 ya pili.

PlayStation Network Sign-In ikishindwa huku Internet Connection imefaulu, usiguse rauta tena. Ama akaunti ina tatizo, ama seva za Sony ziko kwenye matengenezo, ama saa ya mashine imepotea. Hili la mwisho hutokea sana kwa mashine iliyokaa stoo: tarehe inarudi nyuma miaka, na vyeti vya usalama vya mtandao vinaonekana bado havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe Settings, Date and Time.

Chini yake kuna NAT Type, inayoonyesha jinsi rauta inavyoruhusu wachezaji wengine kukufikia. Namba 1 na 2 ni nzuri. Namba 3 maana yake utaingia dukani na kupakua, lakini kukutana na wachezaji wengine na kuzungumza nao kutasumbua. Kwenye Xbox majina ni Open, Moderate na Strict. Rauta za laini ndizo zinazotoa 3 mara nyingi, kwa kuwa kampuni ya simu inawapa wateja wengi anwani moja ya nje. Angalia kwenye rauta anwani ya upande wa nje: ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, umo kwenye anwani ya kugawana, na zile video za kufungua milango ya rauta hazitakusaidia hata ukizifuata neno kwa neno. Muulize mtoa huduma kama anauza anwani ya umma, asipouza, ridhika. Kama una faiba na umeongeza rauta yako nyuma ya ile ya kampuni, hapo kuna dawa: iweke ya pili kwenye hali ya access point, yaani irushe Wi-Fi tu, na uwashe UPnP, inayoifungulia mashine njia yenyewe, kwenye ya kwanza.

Ukitumia hotspoti ya simu

Inafanya kazi, na kwa wengi ndiyo Wi-Fi pekee ya nyumbani. iPhone 12 na za baada yake hurusha hotspoti kwenye gigahezi 5. Ingia Personal Hotspot, washa Maximize Compatibility, nayo itashuka 2.4. Kwenye Android tafuta neno Band ndani ya mipangilio ya hotspoti uchague 2.4, na Security uchague WPA2. Baki kwenye ukurasa huo wa hotspoti mpaka mashine iingie, maana simu nyingine hulala usingizi zikikosa mgeni.

Tangu Facebook ifungwe Uganda mwezi Januari 2021, simu nyingi hapa zinakaa na VPN, programu ya kukwepa kizuizi hicho, imewashwa saa zote. Kwa kawaida VPN ya simu haipiti kwenda kwenye vifaa vya hotspoti, kwa hiyo usitegemee itaifikia mashine. Na kuna simu ambazo VPN ikiwashwa, hotspoti inakosa intaneti kabisa. Unapojaribu kuunganisha, zima VPN kwanza.

Kisha linda bando. Kucheza mtandaoni kwenyewe kunakula kidogo, makumi ya megabaiti kwa saa. Kinachomaliza ni masasisho na gemu zenyewe. Gemu ya mpira ya mwaka huu inapita gigabaiti 30, na Call of Duty inaweza kuvuka 100. Kwenye PS4 ingia Settings, System, Automatic Downloads, uondoe tiki zote kabla ya kuiachia mashine hotspoti usiku. Kumbuka kila bando unalonunua lina kodi ya asilimia 12 iliyoanza Julai 2021, na VAT ya asilimia 18. Gemu moja iliyojipakua bila ruhusa ni hela ya posho.

Kasi nayo ina hesabu yake. Gigabaiti 40 kwa megabiti 5 kwa sekunde ni karibu saa 18. Kwa megabiti 20 ni saa nne na nusu. Ukikuta mashine imeandika imebaki siku mbili, gawanya kabla ya kukasirika: huenda haikosei. Kwa mwenye bando la usiku, anzisha upakuaji muda wake unapoingia. Na kama rafiki ana gemu ileile kwenye diski, nunua diski. Itahitaji sasisho bado, lakini si yote.

Hosteli na eduroam

Wanafunzi wa Makerere na vyuo vingine wanaotumia eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, kupitia RENU, mtandao wa vyuo na utafiti wa Uganda, wanaijua hadithi: simu inaingia kila mahali, PS4 inagoma. Haitaingia. Eduroam inataka jina la mtumiaji na nenosiri lake binafsi, na PlayStation, Xbox na Switch hazina sehemu ya kuweka jina hilo. Njia iliyobaki ni kompyuta ndogo ya Windows 10 au 11: iunganishe na eduroam, kisha Settings, Network and Internet, Mobile hotspot, iwashe kwa masafa ya 2.4, na mashine iingie kwenye hotspoti hiyo. Uliza kwanza kama sheria za mtandao wa chuo zinaruhusu. Akaunti ni yako, na lawama zitakuja kwako.

Wi-Fi ya hosteli inayofungua ukurasa wa kuandika namba ya vocha ni rahisi zaidi. PS4 ina kivinjari, Xbox ina Edge. Ukishaunganisha fungua tovuti yoyote na ukurasa ule utajitokeza. Switch huuonyesha yenyewe.

Akaunti na umbali

Unapofungua akaunti ya PlayStation utaona Uganda haimo kwenye orodha ya nchi. Watu hapa huchagua Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Masharti ya Sony yanataka uandike nchi unayoishi, kwa hiyo ujue unachokifanya, na ujue pia kwamba nchi hiyo haibadilishiki baadaye. Kadi za malipo lazima ziwe za nchi hiyohiyo: akaunti ya Marekani haikubali kadi ya Uingereza. Kucheza na wengine mtandaoni kwenye PS4 na PS5 kunahitaji PS Plus, usajili wa kulipia wa Sony, isipokuwa gemu za bure kama Fortnite. PS3 haikuwahi kudai malipo hayo.

Hata baada ya yote kukaa sawa, kuna ucheleweshaji ambao rauta yako haiwezi kuuondoa. Uganda haina bahari. Sehemu kubwa ya intaneti yetu inapita Kenya hadi Mombasa, huko inaingia kwenye nyaya za chini ya bahari kama TEAMS, SEACOM na EASSy. SEACOM na EASSy zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, Afrika Mashariki nzima ilisota, na nina hakika watu wengi walibadilisha rauta siku hiyo bure. Ukipewa nafasi ya kuchagua seva ndani ya gemu, jaribu ya Afrika Kusini kabla ya za Ulaya, ukiangalia namba ya ping, yaani ucheleweshaji kwa milisekunde: chini ya 100 mpira unachezeka vizuri, ikipita 200 utakuwa unafungwa magoli ambayo hukuyaona.

Kwa ndugu wa Busia na Malaba kuna la ziada. Rauta ya laini ikiwa karibu na mpaka inaweza kuhamia mnara wa Kenya bila kukuambia, na mtandao ukapotea au bando likagoma. Ingia kwenye mipangilio ya rauta, sehemu ya kuchagua mtandao, toa Auto, chagua kampuni yako ya Uganda kwa mkono.

Umeme ukikatika

Umeme ukirudi, mashine unaweza kuiwasha papo hapo, lakini rauta ya faiba au ya laini inaweza kuchukua dakika mbili tatu kabla ya kupata mtandao. Mashine ikijaribu mapema itasema imeshindwa. Subiri taa ya intaneti ya rauta itulie, halafu ndipo ujaribu tena. Hakuna haja ya kuandika nenosiri upya. Kile kibetri kidogo cha volti 12 cha rauta kinachouzwa madukani kinaiweka rauta hewani mashine inapozimika. Soma kwanza adapta ya rauta yako, kwani nyingine ni za volti 9.

Kama mtaani kwenu umeme unakatika ovyo, usiache PS4 katika hali ya mapumziko ikipakua. Kukatika katikati ya kuandika kwenye diski kuu ndiko kunakoleta ile skrini ya kukagua hifadhi kila unapoiwasha, na upakuaji ukiharibika unaweza kuanza upya kutoka sifuri, bando likiwa limeshaliwa. Pakua ukiwa macho, na ukisikia umeme unachezacheza, simamisha upakuaji kwenye Notifications, Downloads, kisha uzime mashine kabisa kupitia Turn Off PS4.